Kupima Afya ya Mifupa kwa Mwanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Arusha na Moshi

Kupima mfupa kwa mwanga maana yake ni nini hasa?

Ni kuelekeza mwanga wa rangi moja, kwa kawaida wa leza, kwenye mfupa au kwenye ngozi iliyo juu yake, kisha kuupokea mwanga unaorudi na kuuchambua ili kujua mfupa huo umejengwa kwa vitu gani. Karibu mwanga wote hurudi vilevile ulivyokwenda. Sehemu ndogo mno, takribani fotoni (chembe ya mwanga) moja katika kila milioni 10, hurudi ikiwa imeacha kiasi kidogo cha nishati yake kwa molekuli iliyokutana nayo, na kiasi hicho hutofautiana kati ya molekuli ya aina moja na ya aina nyingine. Kwa sababu hiyo fosfati huacha alama yake, kaboneti yake, na kolajeni, yaani protini kuu ya mfupa, yake. Jambo hili liligunduliwa mjini Kolkata, India, mwaka 1928 na C. V. Raman akishirikiana na K. S. Krishnan, Raman alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1930, na njia yenyewe inaitwa spektroskopia ya Raman hadi leo.

Ipo pia njia ya infraredi, yaani mwanga ulio mbali zaidi ya wekundu na usioonekana kwa macho, ambayo hutazama mwanga uliofyonzwa badala ya ule uliorudi umebadilika. Njia hiyo imewafaa sana watafiti wanaochunguza vipande vyembamba vya mfupa maabarani, ila maji yaliyomo mwilini huufyonza mwanga huo kwa wingi, na ndiyo maana wanaotaka kumpima mtu aliye hai bila kumchana huielekea zaidi njia ya Raman.

Mwanga huo unasoma nini ndani ya mfupa?

Mfupa si jiwe. Kwa uzito, takribani theluthi mbili zake ni madini ya kalsiamu na fosfati, na sehemu iliyobaki ni protini, hasa kolajeni, pamoja na maji. Madini huupa mfupa ugumu. Kolajeni huufanya uweze kupinda kidogo bila kukatika. Mfupa wenye madini tele lakini wenye kolajeni mbovu hukatika upesi, na mfupa wenye kolajeni nzuri lakini wenye madini haba hupinda.

Katika picha ya spektra, yaani mchoro wa mwanga uliorudi, fosfati ya mfupa hutoa kilele kirefu karibu na namba 960, kaboneti karibu na 1070, na kolajeni karibu na 1660. Mtafiti hulinganisha vilele hivyo. Akigawanya kilele cha fosfati kwa kilele cha kolajeni, anapata uwiano wa madini na protini. Akitazama upana wa kilele cha fosfati, anajua fuwele za madini zimepangika vizuri kiasi gani. Akitazama umbo la kilele cha kolajeni, anapata dalili za jinsi nyuzi zake zilivyofungamana. Hakuna kipimo cha kawaida cha hospitali kinachotoa habari hizi tatu kwa pamoja bila kumkata mgonjwa kipande cha mfupa.

Tayari kuna eksirei na kipimo cha DXA. Havitoshi?

Eksirei ya kawaida huchelewa sana. Mfupa huanza kuonekana umepungua kwenye picha baada ya kupoteza karibu asilimia 30 ya madini yake, na kufikia hapo mgonjwa huenda ameshavunjika. DXA ni bora zaidi: hutumia eksirei za kiwango kidogo sana, hupima nyonga na uti wa mgongo, na hueleza madini ni kiasi gani katika eneo lililopimwa. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka unaotumika hadi leo: mtu ambaye kipimo chake kimeshuka chini ya wastani wa vijana wenye afya hadi alama ya −2.5 au chini zaidi huhesabiwa kuwa ana osteoporosisi, yaani mifupa iliyopungua na iliyo rahisi kuvunjika.

Tatizo ni kwamba DXA huhesabu wingi na haisemi lolote kuhusu ubora. Watu wengi wanaovunjika nyonga au kifundo cha mkono kwa kuanguka kidogo tu hawajafika kwenye −2.5. Kuna ushahidi wa upande wa pili ambao, kwa maoni yangu, kila daktari wa Kanda ya Kaskazini angepaswa kuukumbuka. Mwaka 1990 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio lililohusisha wanawake 202 wenye osteoporosisi waliokwisha kukoma hedhi. Baadhi yao walipewa floraidi kila siku kwa miaka 4 kama dawa ya kuongeza mfupa. Wingi wa madini katika uti wa mgongo uliongezeka kwa asilimia 35, kiasi ambacho kwenye karatasi ya DXA kingemfurahisha yeyote. Hata hivyo, kuvunjika kwa pingili za mgongo hakukupungua kwa kiasi cha maana, na mifupa mingine ya mwili ilivunjika mara nyingi zaidi, karibu mara tatu, kuliko kwa wanawake ambao hawakupewa floraidi. Mfupa uliongezeka, lakini haukuwa mfupa mzuri.

Kwa nini jambo hili linawahusu hasa wakazi wa Arusha na Moshi?

Kwa sababu floraidi ambayo wanawake wale walipewa kama dawa, sisi tunaipata kwenye maji. Miamba ya volkano ya Mlima Meru na ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, na chemchemi na visima vingi kati ya Arusha na Usa River vina kiasi kinachozidi mno miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho ukomo unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Tanzania yenyewe iliruhusu hadi miligramu 4 kwa miaka mingi kutokana na ugumu wa kupata maji mengine, kabla ya kushusha kiwango chake hadi 1.5. Anayetoka Maji ya Chai, kata ya huko huko Meru, hahitaji kuelezwa zaidi.

Floraidi huingia kwenye fuwele za mfupa kwa kuchukua nafasi ya sehemu nyingine ya madini yale, na fuwele hiyo mpya huyeyuka kwa shida zaidi kuliko ile ya awali. Ni kemia ileile inayofanya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa mkaa iweze kusafisha maji, kazi ambayo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto kimeifanya kwa miaka mingi: mfupa ulio kwenye chujio huikamata floraidi kabla ya kutufikia, na usipokuwepo huo wa chujio, hukamata wa kwetu.

Hapo ndipo kipimo cha wingi peke yake kinapoweza kupotosha. Bibi aliyekunywa maji ya kisima chenye floraidi tangu utotoni anaweza kupimwa DXA, akaambiwa mifupa yake ni mizito kuliko ya wenzake, akarudi nyumbani akiwa na furaha, ilhali mifupa hiyo ni migumu lakini hukatika kirahisi. Mwanga, kwa upande wake, hutazama fuwele yenyewe. Floraidi inapoingia, kilele cha fosfati husogea kidogo na kuwa chembamba zaidi, kwa sababu fuwele zimekuwa kubwa na zimepangika kwa namna nyingine. Nasema kwa uzito wote kwamba sehemu ya dunia yenye haja kubwa ya kipimo cha ubora wa mfupa ni hii yetu, ingawa maabara nyingi zinazokiunda ziko mbali na hapa.

Mwanga unawezaje kuupita mwili hadi kwenye mfupa?

Ukiweka tochi kali nyuma ya kiganja gizani, utaona wekundu ukipenya. Mwanga mwekundu, na ule ulio mbele kidogo ya wekundu ambao macho hayauoni, hupenya mwilini zaidi ya rangi nyingine, hasa wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 700 na 900 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Leza nyingi za kazi hii hutoa mwanga wa nanomita 785 au 830.

Kikwazo kilikuwa kwamba ngozi na mafuta vilivyo juu ya mfupa navyo vinarudisha mwanga wao, na kwa nguvu kiasi cha kuizamisha sauti ya mfupa. Njia ya kulivuka jambo hilo ilielezwa mwaka 2005 na Pavel Matousek na wenzake katika maabara ya Rutherford Appleton, Uingereza. Badala ya kupokea mwanga pale pale unapoingilia, walipokea milimita kadhaa pembeni. Mwanga uliogusa ngozi tu hurudi karibu na mahali ulipoingilia. Ule uliozama na kutangatanga ndani hutokea mbali zaidi. Kwa kulinganisha sehemu hizo mbili, hesabu huondoa mchango wa ngozi na kubakiza wa mfupa. Mwaka 2006 kundi hilohilo lilionyesha kwamba alama za mfupa wa kidole gumba cha mtu aliye hai zinaweza kusomwa kupitia ngozi bila kumjeruhi. Utaratibu huohuo sasa hutumika katika viwanja vya ndege kutambua kimiminika kilichomo ndani ya chupa bila kuifungua.

Sehemu zinazopimika kwa urahisi ni zile ambazo mfupa uko karibu na ngozi: vidole, kifundo cha mkono, na muundi. Nyonga, ambayo ndiyo huleta madhara makubwa ikivunjika, imezikwa ndani ya misuli na mafuta, na mwanga haujaifikia kwa namna inayoaminika. Watafiti wanatumaini kwamba hali ya mfupa wa muundi itaeleza hali ya mifupa mingine. Matumaini hayo yana msingi, lakini bado ni matumaini.

Je, ngozi nyeusi ni kikwazo?

Ndiyo, na swali hili lisipuuzwe. Melanini, ambayo ndiyo huipa ngozi weusi wake, hufyonza sehemu ya mwanga unaoingia na unaotoka, hivyo ujumbe unaobaki huwa hafifu na ngozi hupata joto zaidi. Ufyonzaji huo hupungua kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka, ndiyo sababu mwanga wa nanomita 830 unafaa kuliko mwekundu wa kawaida.

Tumeshaona hatari ya kutolizingatia jambo hili mapema. Kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu, ambacho wengi tulikifahamu wakati wa UVIKO-19, kilionekana kuwapa baadhi ya wagonjwa weusi namba iliyo juu kuliko hali yao halisi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2020 ulilionyesha hilo waziwazi. Kifaa cha mifupa kitakachojaribiwa kwa watu wenye ngozi nyeupe tu kisha kikaletwa Moshi kitakuwa na dosari ileile. Ni haki ya mgonjwa kuuliza kifaa kilijaribiwa kwa watu wa rangi gani, na ni wajibu wa anayekileta kuwa na jibu.

Kipimo chenyewe kinauma? Kina mionzi?

Hakiumi, na mwanga huu si mionzi kama ya eksirei. Hauwezi kuharibu chembe za urithi kwa namna ile. Tahadhari ni mbili: nguvu ya leza isizidi viwango vya usalama wa ngozi, na macho yakingwe kwa miwani maalumu, kwa kuwa mwanga usioonekana unaweza kuumiza jicho bila mtu kushtuka.

Nikienda hospitali leo, Arusha au Moshi, nitapimwa kwa njia hii?

Hapana. Kipimo hiki bado ni cha utafiti, si hapa tu bali duniani kote. Hakijaingia katika miongozo ya kutambua au kutibu osteoporosisi. Kinachoweza kufanyika leo ni daktari kusikiliza historia yako, kukupima mwili, kukuandikia eksirei na vipimo vya damu, na akiona haja, kukuelekeza mahali penye DXA. Usiahirishe matibabu kwa kusubiri mwanga.

Nimeona kifaa cha kushika mkononi kinachopima "mifupa na mwili mzima" kwa dakika moja. Ndicho hicho?

Sicho. Vifaa hivyo, ambavyo hupitishwa kwenye semina, makanisani, stendi na majumbani, humtaka mtu ashike fimbo ya chuma, kisha kompyuta hutoa kurasa nyingi zenye asilimia za kalsiamu, kolajeni, ini, figo na hata hisia, na mara nyingi karatasi hizo hufuatiwa na orodha ya virutubisho vya kununua. Fimbo ya chuma haitoi mwanga wowote na haipokei wowote. Haiwezi kujua mfupa wako una nini.

Inaniuma kuona mama mjane akitoa fedha za ada ya mtoto kununua chupa za vidonge kwa sababu ya karatasi ya namna hiyo. Ukitaka kumpima anayedai kuwa na kipimo cha mwanga, muulize mambo machache tu: leza yake ni ya nanomita ngapi, anapima mfupa upi, miwani ya kukinga macho iko wapi, na ni hospitali gani iliyomruhusu. Mtu mwenye kipimo cha kweli atakujibu bila kukasirika.

Nimesikia kucha zinaweza kueleza hali ya mifupa. Ni kweli?

Wazo hilo lipo na limechunguzwa Ulaya kwa kutumia Raman. Kucha imejengwa kwa keratini na mfupa kwa kolajeni, kwa hiyo ni protini mbili tofauti, lakini baadhi ya mabadiliko ya mwili yanaweza kuzigusa zote mbili. Matokeo yanatia moyo kama njia ya kuchuja nani apelekwe DXA. Hayatoshi kumwambia mtu kuwa ana ugonjwa.

Meno yangu ni ya kahawia. Ina maana mifupa yangu nayo imeathirika?

Si lazima. Meno hubadilika rangi kutokana na floraidi iliyoingia mwilini yalipokuwa yanajengwa, yaani katika miaka ya utotoni, na baada ya hapo rangi hiyo haifutiki hata ukihamia penye maji mazuri. Mfupa, tofauti na jino, hujengwa upya maisha yote. Kwa mtu mzima takribani asilimia 10 ya mifupa hubadilishwa kila mwaka. Aliyeacha maji mabaya mapema huendelea kuipunguza floraidi mifupani polepole. Meno ya kahawia ni ushahidi wa utoto wako, na ni sababu nzuri ya kumweleza daktari ulikulia wapi, hasa ikiwa una maumivu ya muda mrefu, mgongo au shingo iliyokakamaa, au viungo visivyonyooka.

Mwanangu ana matege. Mwanga ungeweza kueleza sababu?

Huko mbele, pengine. Matege yanaweza kutokana na upungufu wa vitamini D, upungufu wa kalsiamu au fosfati, au floraidi nyingi, na kila sababu hubadilisha mfupa kwa namna yake: upungufu wa vitamini D huacha protini nyingi isiyoshikwa na madini, na floraidi hubadilisha fuwele zenyewe. Kipimo kinachosoma vyote viwili bila sindano wala mionzi kingekuwa neema kwa watoto. Kwa leo, mpeleke mtoto kliniki ya mifupa mapema, kwa kuwa baadhi ya sababu hutibika kwa dawa mifupa ikiwa bado inakua, na ukubwani hubaki upasuaji.

Ninatumia dawa za kufubaza virusi. Ni kweli zinapunguza mifupa?

Tenofovir, mojawapo ya dawa hizo, ya aina inayotumika sana inaweza kupunguza wingi wa mifupa kwa kiasi kidogo, hasa katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha hali hutulia. Faida yake ni kubwa kuliko upungufu huo. Usiache dawa. Mwambie mtoa huduma wako kama umewahi kuvunjika mfupa au kama unatumia pia dawa za steroidi.

Nifanye nini sasa, kabla kipimo hicho hakijafika?

Anza na maji. Uliza mamlaka ya maji au ofisi ya maji ya wilaya kiwango cha floraidi cha chanzo unachotumia, na kama ni kisima cha binafsi, peleka sampuli ikapimwe. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri huwa na floraidi kidogo sana, na kama uwezo wa kupata maji salama ni mdogo, watangulize watoto walio chini ya miaka 8 na wajawazito.

Kisha tazama magadi. Wengi wa Kilimanjaro na Arusha hutia magadi kwenye makande au kiburu ili maharage yaive upesi, na magadi ya Bonde la Ufa yanaweza kuwa na floraidi nyingi, kiasi kwamba watoto wa maeneo yenye maji mazuri wameonekana na meno ya kahawia. Kuloweka maharage usiku kucha hufanya kazi hiyohiyo bila hasara.

Mengine mnayafahamu: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, mboga za majani, jua, kutembea na kubeba uzito wa kiasi, kuacha sigara na kupunguza pombe. Kwa wazee, ondoeni vizuizi vya kujikwaa njiani kwenda chooni usiku na wekeni taa.

Nitafanyiwa upasuaji wa nyonga. Mfupa utakaotolewa unaweza kusaidia utafiti wa aina hii?

Unaweza, na mifupa ya namna hiyo ndiyo msingi wa sehemu kubwa ya utafiti huu duniani, kwa kuwa kichwa cha paja kinachotolewa wakati wa kuweka nyonga bandia hupimwa kwa mwanga, kisha huvunjwa kwa mashine ili kulinganisha kilichosomwa na nguvu halisi ya mfupa. Sampuli kutoka kwa watu waliokulia kwenye maji ya floraidi zina thamani ya pekee. Hata hivyo, hakuna anayeruhusiwa kuutumia mfupa wako bila ridhaa yako ya maandishi na bila kibali cha maadili ya utafiti, ambacho hapa nchini husimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa na kamati za maadili za vyuo vya tiba. Soma fomu hiyo, au usomewe kwa lugha unayoielewa, na uulize sampuli itapelekwa wapi na kama utapewa majibu. Ukikataa, upasuaji wako utaendelea kama ulivyopangwa.